Alichokificha Wifi Kwenye Ndoo Zangu za Pilipili

"Fungua mkono."

Hakufungua.

"Wifi, nakuambia kwa mara ya mwisho. Fungua huo mkono."

Nilimkuta asubuhi amechuchumaa ndani ya banda langu la pilipili, vidole vimezama kwenye udongo wa ndoo. Aliponiona, akakunja ngumi na kuiweka nyuma ya mgongo...

Na pilipili zangu zilikuwa zinakufa, jamani. Ungekuwa wewe, ungefikiria nini?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona nina roho mbaya.

Pilipili nilianza nazo kama mchezo, kwenye makopo ya rangi pale mlangoni kwa jikoni. Zikakubali. Nikaongeza ndoo mbovu, nikawa nasaga na kuuza. Mwishowe mume wangu akanijengea banda la nailoni nyuma ya nyumba, fremu akaichomelea mwenyewe.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka kifua kilipomshinda. Daktari alimwambia mbele yangu, "Hayo mapafu ni ya kuombea. Ukirudia sigara, usije kunisumbua."

Akaniapia ameacha. Nikamwamini. Nilikuwa nampenda yule mwanaume, sitaki kudanganya.

Kazi yake ikawa bandani. Mle ndani upepo hauingii, kwa hiyo kila asubuhi alipita akigonga maua kwa kidole, moja moja, ili yashike matunda.

"Unawabishia hodi wake wenzangu?" nilikuwa namtania.

"Hawa angalau hawanigombezi," ananijibu.

Akikohoa, anasingizia pilipili ninazosaga. Nani angebisha? Nikianza kusaga, hata jirani anapiga chafya.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kukaa kwetu ndoa yake ilipovunjika. Mtu wa maneno machache, macho mengi. Siku moja tukiwa tunaosha vyombo akaniambia:

"Wifi, mrudishe huyu mdogo wangu kwa daktari. Hicho kikohozi sikipendi."

Nikamtolea uvivu. "Pilipili usiyoila yakuwashiani? Mume ni wangu."

Akaendelea kusuuza sahani. Tangu siku hiyo nikamweka kwenye kundi la wabaya wangu.

Halafu majani yakaanza kuumwa. Mabaka ya njano na kijani, yanajikunja, matunda yanatoka yamepinda. Nikapiga dawa, wapi! Ugonjwa ukahama ndoo hadi ndoo.

Lakini yale makopo ya mlangoni kwa jikoni, ambayo wifi peke yake ndiye aliyekuwa akiyahudumia, tena baada ya kunawa mikono, yalinawiri. Nikajiambia, ahaa... Anazoshika yeye zinapona, zangu zinakufa.

Sasa mnaelewa kwa nini nilipomkuta na ile ngumi nilipandwa na mori.

Mume wangu alisikia kelele, akaja kusimama mlangoni mwa banda.

"Umemwona dada yako? Muulize anazika nini kwenye ndoo zangu."

Akaitazama ngumi ya dada yake. Kisha akatazama chini.

Wifi naye akamtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri kitu. Hakikuja.

"Basi," wifi akasema. "Naondoka."

"Uondoke kabisa," nikamwambia.

Akafunga begi lake dogo. Alipopita getini, ule mkono alikuwa bado ameukunja. Mume wangu aliingia chumbani, akajifunika shuka.

Nikamwita bwana shamba aniokolee zilizobaki. Akageuza jani moja tu, akaniuliza:

"Nani anavuta sigara hapa?"

"Hakuna."

"Mama, ugonjwa huu unakuja na tumbaku. Mtu anashika sigara, halafu anashika mche bila kunawa. Hauna dawa. Ng'oa yote uchome."

Nikamwona hajui kazi. Ila mimea ilishakufa, ningefanyaje? Alipoondoka nikaanza kung'oa.

Ndoo ya kwanza, mizizi ikatoka na vipisi vya sigara.

Ya pili, vipisi.

Mstari wote wa nyuma... vingine vimeoza, vingine vya juzi tu.

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo. Nikakikumbuka kile kidole kinachogonga maua, ua moja baada ya jingine. Wifi hakuwa anazika kitu. Alikuwa anafukua.

Nilimfuata mume wangu chumbani nikammwagia vipisi kwenye shuka.

"Ukamwacha dada yako afukuzwe kama mwizi?"

Akakohoa kwanza. "Nilijua yeye atanisamehe. Wewe ungeniacha."

Niliinua mkono nimpige, wallahi. Nikaiona leso aliyokuwa ameishika mdomoni. Ilikuwa na damu, na haikuwa damu ya siku moja.

Nikamkimbiza hospitali. Daktari ni yule yule. Alimpima, akavua miwani, wala hakuulizia sigara. Hapo nikajua.

Mume wangu hakurudi nyumbani.

Wifi alikuja msibani. Nilidhani atanipita, akaja kukaa ubavuni kwangu.

"Kwa nini hukufungua mkono?" nikamuuliza.

"Aliniapisha kwa mama yetu. Nikawa nafukua tu usivione, huku nambembeleza aache." Akavuta pumzi. "Siku ile nilimsubiri aseme mwenyewe. Alikuwa amesimama pale pale, wifi."

"Ungeniambia..."

"Nilikuambia. Tulikuwa tunaosha vyombo."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilimlilia marehemu, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Mpaka leo sijajua kuvitenganisha.

Banda liko tupu. Wifi amerudi, anamwagilia yale makopo ya mlangoni, na bado yanazaa.

Nyinyi mnaonisoma, ukimkuta mtu amekunja ngumi ndani ya nyumba yako, usikimbilie kumfukuza. Geuka kwanza umtazame aliyesimama mlangoni amenyamaza.