Kilichonasa Malishoni

Kanyamibwa wa Kingi alikuwa mjomba wa mama yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alikuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwa mzungu mmoja aliyelima pareto, na dharau aliyokuwa nayo ingetosha kugawia teritwari nzima ya Masisi, ikabaki ya kupeleka Walikale. Wakulima wenzake aliwadharau kwa sababu wana udongo kwenye kucha. Watu wa msituni aliwadharau kwa sababu wanatoka msituni. Hata huyo mzungu wake, ambaye watu walimwita Bwana Ndevu, alimsonya kila alipompa kisogo. Mtu wa namna hiyo mimi simpendi, na sitajificha kusema. Lakini yaliyotokea nisingemtakia hata mbwa wake.

Ilikuwa kiangazi cha 1953. Asubuhi zilikuwa za kawaida, ng'ombe wanakamuliwa, wanawake wanapura maharage, na kwenye baraza ya Bwana Ndevu safari ilikuwa inapangwa. Safari yenyewe ilikuwa upuuzi. Mzungu alitaka kushuka mpaka msitu wa Walikale, nyuma ya Mpofi, kwenye mto usiofikiwa na barabara, akavue samaki kwa nzi wa uongo. Unachukua ndoano ndogo, unaifunga manyoya na nywele kwa uzi laini mpaka ifanane na mdudu, unairusha juu ya maji kwa ufito mrefu, samaki anadanganyika. Halafu, na hapo ndipo Kanyamibwa alipocheka mpaka akakohoa, ukishamvuta unamwachilia.

"Anamurudisha?" aliuliza mke wake, Mukandori.

"Anamurudisha. Anamuangalia kwa macho, anamupapasa kama mutoto, anamurudisha."

"Na weye utaenda kufanya nini kule?"

"Mimi njo nafunga ile banzi ya manyoya. Muzungu macho yake imeshachoka."

Hapo hakudanganya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alijaribu manyoya ya jogoo, akajaribu ya mbwa, akajaribu ya mbuzi. Bwana Ndevu alikuwa anawatumbukiza nzi hao kwenye bakuli la maji na kuwatazama wanavyozama, kisha anatikisa kichwa. Alitaka kitu cheusi, laini, kisichokunywa maji. Akipata nzi wa namna hiyo, alisema, Kanyamibwa atakuwa mkubwa wa safari nzima, atalala kwenye hema, hatalala na wabeba mizigo. Kanyamibwa alianza kutembea kama mtu aliyekwisha lala kwenye hema.

Wakati huohuo, kwenye ukoo wake kulikuwa na msiba unaofika mwisho. Mume wa dada yake mdogo, Nyiraneza, alikuwa amekufa maji huko huko chini. Mume huyo, Sebarenzi, aliteremka Walikale kununua mawese, akavuka mto kwa mtumbwi, mtumbwi ukapinduka, na mwili haukuonekana tena. Nyiraneza alikaa na kilio mwaka mzima bila kukata nywele. Wazee wa ukoo wakapanga hivi: kwa kuwa hakuna mwili, siku ya kumaliza kilio mjane atanyolewa, na nywele zake zitazikwa kaburini badala ya maiti. Marehemu apate cha kulala nacho, asije kudai kilichobaki. Baada ya hapo Nyiraneza angekuwa huru kuolewa na Evode, seremala mpole ambaye alikuwa ameshaanza kuchonga kitanda.

Wa kuzika alikuwa kaka mkubwa wa mjane. Yaani Kanyamibwa.

Nyiraneza alimkabidhi nywele zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Kichwa chake kilichonyolewa kiling'aa juani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa anatabasamu.

"Kaka, uzike kabisa. Usitupe tu kule nyuma."

"Nimesikia."

"Unamujua Sebarenzi. Alikuwa na wivu ya mubaya."

"Muntu iko chini ya maji, ataona wivu kwa nani? Kwa samaki?"

Watu walicheka. Yeye akaenda peke yake nyuma ya migomba, kwenye kaburi lililochimbwa, akafungua jani. Nywele zilikuwa nyeusi, laini, zimepakwa samli kwa mwaka mzima. Tone la umande lilianguka juu yake na kuteleza. Halikuingia.

Alitoa mfukoni manyoya ya mbuzi yaliyokataliwa na Bwana, akayafunga kwenye jani, akalizika, akakanyaga udongo kwa kisigino. Kisha akarudi akanywa pombe ya watu. Mimi wizi nimeuona wa kila aina, lakini kumwibia marehemu kitu chake cha pekee, halafu ukamwekea mbuzi, hilo sina jina lake.

Bwana Ndevu aliwapenda nzi waliofungwa kwa nywele zile kupita kiasi. Walielea kwenye bakuli kama wana pumzi. Turubai zikafunguliwa na kukaguliwa, chumvi ikafungwa, wabeba mizigo wakachaguliwa. Kutoka Mpofi akaja mwindaji wa kuwaongoza, jina lake Théophile, amepanda lori, anatetemeka kwa baridi ya milima.

"Kwenu hakuna nguo?" Kanyamibwa alimuuliza.

"Kwetu iko miti. Huku muko na baridi na mavi ya ng'ombe, njo utajiri yenu?"

"Katoto ya nyani hii, inajua kusema!"

Théophile hakukasirika. Aliokota nzi mmoja mezani, akamnusa. Akanusa tena.

"Hii nywele ya nani?"

"Ya mbwa."

"Mbwa gani ule anapakaa samli kwa kichwa?" Alimrudisha nzi mezani polepole. "Mimi njia nitaonyesha. Ile kitu sitabeba."

"Nani alikuomba ubebe? Kuja, nitakuonyesha kazi ya bantu."

Mzungu alikuwa ameteremka Masisi mjini. Kanyamibwa akachukua ufito wa Bwana bila ruhusa, akafunga nzi yule kwenye uzi, akamkokota Théophile mpaka malishoni, kwenye majani makavu, ambako Bwana mwenyewe alikuwa anajizoeza kurusha. Ilikuwa mchana, jua lilikuwa bado juu. Ukungu ulianza kushuka kutoka kilele, kama kila siku, na hakuna aliyeujali.

Alirusha. Uzi ulipita juu ya vichwa vyao, ukanyooka, ukaingia ndani ya ukungu.

"Unaona? Bila maji. Nikiwa na maji je?"

Uzi ukakazika.

Alidhani ni kichaka. Akavuta. Kikaachia kidogo. Halafu kikavuta nacho.

Alidhani ni ng'ombe. Akageuka. Ng'ombe wote walikuwa nyuma yake. Walikuwa wamesimama, vichwa juu, wanatazama kule uzi ulikoelekea. Kisha wakaanza kuondoka, bila mbio, mmoja nyuma ya mwingine.

Maji yalikuja kwenye uzi. Yalitiririka juu yake mpaka kwenye vidole vya Kanyamibwa. Yalikuwa na harufu ya majani yaliyooza.

"Kata," Théophile alinong'ona.

"Nikate uzi ya Bwana? Pumbavu."

"Kapita. Kata."

Mtu mwingine angekata. Huyu asingemtii mtu wa Mpofi hata nyumba ingekuwa inaungua. Akaanza kuzungusha gurudumu dogo la kukunjia uzi. Kilichokuwa upande wa pili kikaja. Kilikuja kwa hatua nzito, kinaburuta, kama mtu anayetembea ndani ya maji yaliyomfika kiunoni. Lakini pale palikuwa na majani makavu tu.

Théophile aliweka panga lake miguuni pa Kanyamibwa. Akakimbia.

Ukungu ulikuwa umefunga. Kanyamibwa alizungusha tena. Ndipo alipoona. Uzi haukushuka chini kwenye majani. Ulikuwa umelala sawasawa hewani, mbele yake, na ulikoishia palikuwa juu.

Palikuwa kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyesimama.

"Shemeji," sauti ilisema. Ilisema vibaya, kama mtu aliye na kitu kwenye ulimi.

Alishika panga, akakata. Uzi ukaanguka. Kimya.

Halafu zile hatua zikaanza tena. Hazikurudi zilikotoka. Zilipita kando yake, karibu kabisa, na baridi yake ikamgusa shavu. Ziliteremka kilima, kuelekea nyumbani. Kanyamibwa mwenyewe ndiye aliyemvuta Sebarenzi kutoka Walikale mpaka pale, na panga lile lilimfungulia tu.

Alikimbia. Alimkuta Nyiraneza mlangoni pake anachambua maharage, mzima kabisa. Evode alikuwa anapima upana wa mlango ili kitanda kipite, na majirani walikuwa wanamtania.

"Kaka, mbona unatokwa jasho?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi. Kusema: nywele zako sikuzika, ondoka hapa leo, twende tukazitoe kwenye ndoano, tuzizike. Maneno machache. Alifungua mdomo. Akawaona majirani wanamtazama, wenye udongo kwenye kucha, ambao aliwacheka maisha yake yote kwa mambo kama hayo.

"Hakuna kitu," alisema.

"Basi uangalie ndani mule. Maji inadondoka, na mvua haijanyesha."

"Ukungu tu. Funga mulango."

Nyiraneza alifunga, akaenda kulala alipomaliza kazi zake, na Kanyamibwa akaenda kwake.

Asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Evode alileta kitanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa gogo, kwa ndani. Aliita. Akaita tena. Wakauvunja.

Hapakuwa na mtu. Dirisha halikuwapo, nyumba ile haikuwa na dirisha. Mkeka ulikuwa umelowa, na ulikuwa umebonyea kwa watu wawili. Ndipo Kanyamibwa alipopiga magoti na kusema yote, mbele ya majirani wale wale. Evode alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Alichukua jembe akaanza kuchimba sakafuni, kwa sababu udongo mweusi wa sakafu haukuwapo tena. Palikuwa na mchanga mweupe wa mtoni. Mchanga huo huo ulikuwa umetandaa njiani kutoka malishoni mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni kwenda nje tena, hakuna. Evode alichimba mpaka mchanga ukamfika kifuani, ukimporomokea, na hakugusa chini.

Bwana Ndevu aliiacha safari, kisha akaliacha shamba. Kanyamibwa alizeeka bila kutukana mtu.

Nyumba ilianguka zamani. Pale halioti hata jani moja, na ng'ombe wa Kingi wanapazunguka. Kiangazi kikikausha kilima chote mpaka udongo upasuke, mchanga ule huwa umelowa. Ukisukuma mkono ndani mpaka kiwiko, utausikia unasogea chini ya vidole vyako, taratibu, bila kukoma, kuelekea Walikale.