Dude la Bwawa la Mindu

“Samahani, dada. Una sura ya daktari.”

Sabra, muuza vitenge wa Soko Kuu la Morogoro, alimtazama kijana aliyening'iniza kamera shingoni. “Na wewe una sura ya mgonjwa. Unasumbuliwa na nini?”

“Dude.”

Kijana huyo, Hashimu, alikuwa anatengeneza filamu ya mzaha inayojifanya ya kweli: watu wanamsaka mnyama wa Bwawa la Mindu. Alihitaji mtaalamu wa uongo. Sabra akavaa koti jeupe juu ya dera la zambarau, akasimama ukingoni, akaeleza kwa uso mkavu jinsi dude linavyopenda wali wa Dakawa kuliko watu. Kamera ilitikisika kwa kicheko.

Jioni simu ikaita. “Daktari, moyo unanidunda.”

“Kunywa maji ya bwawa, ulale.”

Mapenzi yakakolea. Kisha Hashimu akamhoji Mzee Mikidadi, mjomba wa Sabra, mkulima wa Uluguru, kuhusu kitu alichowahi kukiona majini. Mzee alisimulia kwa dhati. Hakuna aliyemwambia kuwa ni mzaha. Kipande kikarushwa mtandaoni na muziki wa katuni. Mji ukamcheka.

“Usinipigie tena,” Sabra alisema.

“Mpenzi, nimekifuta. Kesho naenda kwa baba yako Ngerengere kumwomba radhi, asije akaninyima mke.”

“Baba? Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ndoa yangu. Huyohuyo uliyemfanya kikaragosi.”

Asubuhi Hashimu alipanda mlima hadi kwa mzee, amebeba kichwa cha dude la filamu kilichoshonwa kwa magunia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mjomba wako tangu lini?”

“Nimekukosea. Tulikuwa tunatania, nami sikukwambia.”

Mzee alikizunguka kile kichwa, akatia mkono kinywani, akagonga meno ya mbao. “Niliyemwona mimi hakuwa na meno.”

Hashimu hakucheka. “Alikuwaje?”

Mikidadi alimkazia macho, kisha akamsogezea kigoda.

Siku ya picha za mwisho, Sabra alikuja bwawani kwa sababu mjomba alimwita. Koti jeupe, hijabu ya kijani, amenuna. Dude likaibuka majini, halina hata jino moja, likamjia.

“Hashimu, vua hilo gunia.”

“Niko huku,” Hashimu akajibu, nyuma ya kamera.

Kichwa kikavuliwa. Maji yakachuruzika kwenye mvi za mjomba.

“Kijana huyu anajua kusikiliza,” alisema mzee, akitweta. “Kama bado unamtaka, alete posa kabla sijapata mafua.”

Sabra akaigeukia kamera, uso mkavu.

“Kwa utafiti wangu,” alisema, “dude limekubali. Na mtaalamu pia.”