Mtu wa Tatu wa Kuulizwa

Nilikuwa nimeinjika pojo, moto haujashika vizuri, simu ikalia. Ilikuwa Jumatatu, tarehe saba Januari, mwaka ule wa 2008 ambao hata mbwa wa mtaa wetu wa Mashimoni walikuwa wamejifunza kunyamaza.

"Susu, uko salama?"

"Niko. Umekula?"

"Susu, nisikize, chaji inaisha."

Huyo ni Kavoi, mjukuu wangu; Susu ndiyo bibi kwa lugha yetu. Mama yake aliniachia akiwa hajaota meno, nikamlea hapa hapa kwa kuuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mpaka akawa daktari. Miaka sita alifundisha kwenye chuo cha madaktari. Mkataba ukaisha, wakamwambia hakuna mwingine. Akaanza kutafuta kazi nje ya chuo. Alituma barua kumi na moja. Hakuna aliyemjibu, hata wa kumwambia hapana.

Mimi sijui kusoma, lakini CV yake naijua. Ilikuwa kurasa tisa. Niliziona siku chai ilipozimwagikia, nikazianika kwenye kamba kama nepi. Rafiki yake akamwambia kurasa tisa ni za maprofesa, watu wa kazi wanataka mbili. Basi Kavoi akaketi kwa taa yangu, akakata, akakata, akaandika upya kwa mkono. Kabla ya Krismasi akaipeleka kwa Khamala, yule mwenye kibanda cha kompyuta kando ya reli, Laini Saba, ili ipigwe chapa.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, na nyinyi mnajua yaliyofuata, majirani kuuana na nyumba kuchomwa.

Siku tatu Kavoi alifunga watu majeraha kwenye ukumbi wa kanisa letu. Mimi nilimpelekea leso zangu achane bandeji. Baadaye akaitwa Kawangware. Shirika moja lilikuwa limefungua kliniki kule, na lilitaka daktari wa kuisimamia.

"Wanataka karatasi kesho kabla ya saa sita," akaniambia. "Barabara zimefungwa, vijana wa kiume hawapitishwi, siwezi kurudi. Khamala hashiki simu. Nenda uone kama iko tayari, uniletee."

"Na kama haiko?"



"Kazi hii ikinipita, Susu, naenda Botswana. Nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeaga. Nikaangalia nyumba yangu. Kiti chake. Kikombe chake. Nikaepua pojo, nikajifunga leso, nikatoka.

Madirisha ya maghorofa ya Highrise yalikuwa yameshika mwanga wa mwisho. Huku chini kwetu stima ilikuwa imekatika siku ya tisa. Niliyekutana naye njiani hakunisalimu, nami sikumsalimu. Tulikuwa tumefika hapo. Kwenye reli palinuka plastiki iliyoungua na majivu yaliyonyeshewa. Vibanda vingine vilikuwa mabati matupu. Vingine havikuwa hata mabati.

Kabla sijakiona kibanda cha Khamala, nilikisikia.

Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta...

Mtu alikuwa anapiga chapa.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mwanga wa kompyuta, wa buluu, kama wa maziwa yaliyotiwa maji. Msichana alikuwa ameketi, amenipa mgongo. Harufu ya moshi ilikuwa kali humo kuliko nje, na chini yake harufu nyingine, ya dawa ya kusafishia vidonda.

"Khamala yuko?"

"Ameenda ushago, kwao kijijini."

"Nimekuja kuchukua karatasi ya daktari Kavoi."

"Najua, shosho. Keti. Imebaki kidogo."

Nikaketi kwenye kreti ya soda. Ndipo nikaona kichwa chake. Alikuwa amefungwa kitambaa cha kijani chenye michoro ya korosho nyeusi. Leso yangu! Ile ya kijani niliyoipeleka kanisani. Nikafurahi, kweli. Nikajiambia, kumbe huyu ni mmoja wa waliopona.

"Wewe pia Kavoi alikufunga?"

Vidole vikasimama.

"Alinishika mkono," akasema.

Vikaendelea.

"Shosho, hii CV iko na shida. Ametoa zile makala za majarida, hapo amefanya poa. Lakini bado anaanza na shule. Hao watu hawaajiri shule. Wanasoma nusu dakika, wanaweka kando. Hiyo nusu dakika lazima waone kazi. Anaweza nini, huyu mtu wako?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nikamwambia. Anaweza kumtoa mtoto aliyekingama tumboni. Anaweza kuzungumza na mama anayepiga nduru mpaka akanyamaza. Mwaka ule wenzake walipogoma, aliangalia wodi nzima peke yake usiku na mchana.

"Vitanda vingapi?"

"Arobaini. Aliniambia arobaini."

"Siku ngapi?"

"Kumi na saba. Nilikuwa nampelekea chakula."

"Hiyo ndiyo tunaweka. Hapa ameandika ati ni mwenye bidii. Kila mtu ni mwenye bidii." Ta-ta-ta. "Na hapa chini anasema anapenda kuogelea."

"Nani? Kavoi? Huyo hata mvua anaikimbia!"

Nikacheka. Naye akacheka. Lakini kicheko chake kilikuja kimechelewa, changu kikiwa kimeshaisha, kama kimetoka nyumba ya pili.

Nikavuta leso mabegani.

"Sasa watu wa kuulizwa habari zake," akasema. "Wanataka watatu. Ameweka profesa wake, na matroni. Wa tatu ameacha wazi."

"Si uache wawili tu?"

"Wataweka kando, shosho."

Nikawaza Botswana. Sikujua iko upande gani. Nilijua tu ni mbali, na mimi sina mwingine.

"Niweke mimi," akasema polepole. "Nilimwona akifanya kazi."

"Utashika simu wakipiga?"

"Mimi nashika kila saa."

Ningeuliza. Mtu mwenye akili yake angeuliza stima inatoka wapi. Angeuliza kwa nini binti huyu hageuki. Lakini nilikuwa naitaka ile kazi kuliko nilivyotaka kujua.

"Andika, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Wangeci."

Printa ikakoroma, kurasa mbili zikatoka. Akanipa kwa kupitisha juu ya bega, hakugeuka. Karatasi ya printa hutoka na joto, kila mtu anajua. Hizi zilikuwa baridi. Na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Nikasema moyoni ni wino.

"Utarudi uniambie kama ameipata?"

"Nakuja sasa hivi," nikajibu. "Kesho tu, mwanangu."

Ndivyo tunavyosema hapa. Mtu akitoka, hata kama hatarudi, anamwambia anayebaki, nakuja sasa hivi. Ni adabu tu, mwenzako asijione ameachwa.

"Hata yeye alisema hivyo," akanong'ona.

Nilipovuka kizingiti, mwanga nyuma yangu ukazimika. Ta-ta-ta ikanyamaza. Sikugeuka. Nilitembea kama mtu asiye na haraka, mpaka nikafika kwangu, nikasukuma meza mlangoni.

Pojo nilizikuta kama nilivyoziacha, mbichi. Sikuziinjika tena.

Asubuhi nikaenda kwa miguu. Karatasi nilikuwa nimezitia kifuani, na mwili wangu wote haukuweza kuzipasha joto. Saa tano nikafika Kawangware. Kavoi alitoka kunipokea, shati lilelile aliloondoka nalo kwangu, akanishika mikono miwili bila neno. Akanipeleka kwa msimamizi wa shirika, Bwana Wekulo, mtu mnene mpole, kalamu nyuma ya sikio.

Wekulo akasoma. Nilihesabu pumzi zangu. Zilikuwa tisa tu, akainua macho.

"Vitanda arobaini, siku kumi na saba, peke yako?"

"Ndiyo," Kavoi akasema.

"Mbona mwezi uliopita ulinitumia kijitabu cha kurasa tisa na hili halikuwemo?"

Akachukua simu palepale. Profesa alikuwa amezima. Matroni, laini haikwenda. Wa tatu... ikashikwa kabla haijalia mara ya pili.

Wekulo akaongea naye. Akatabasamu. Akaandika kitu. Kisha nikaona tabasamu linamtoka usoni kidogo kidogo, akakata simu, akaiangalia.

"Amekusifu sana, daktari. Anasema uliwahudumia watu sitini na wawili usiku mmoja, na aliwahesabu. Kazi ni yako." Akajikuna shingo. "Lakini kuna salamu. Amesema nikwambie, bado anakungoja."

"Nani?"

"Huyu wako wa tatu. Wangeci wa Laini Saba."

"Mimi sijaandika Wangeci."

Nikamwambia tulipotoka nje. Ni yule binti wa kibandani, nikasema, yule uliyemfunga kichwa na leso yangu ya kijani, ya korosho.

Kavoi akaketi chini, kwenye vumbi, na koti lake jeupe.

"Susu, ile ya kijani niliichana vipande viwili tu. Kipande kimoja kilimfunga mzee Wabwire mguu."

"Na cha pili?"



"Alikuja amekumbatia karatasi. Hakutaka kuziachilia. Nikamfunga kichwa, nikamshika mkono. Hapo mtu akapiga kelele, kuna mtoto anatoka damu. Nikamwambia., nakuja sasa hivi."

"Ukarudi?"

"Nilirudi kumepambazuka, mkono wake umeshapoa."

Wiki moja baadaye Khamala akanipigia simu kutoka kwao Webuye. Kibanda chake kilichomwa jioni ileile ya matangazo, akaniambia, printa ikayeyuka kama mshumaa. Wangeci ndiye aliyekuwa mpiga chapa wake. Alikuwa ameshatoka, yuko salama, akarudi ndani kuokoa karatasi za watu. "Nilimwambia, mama, achana nazo. Akasema zile ni kazi za watu." Walimpiga njiani, amezikumbatia. Simu yake iliungulia mle ndani.

Nikamuuliza kama Wangeci naye alikuwa anatafuta kazi.

"Yake alikuwa ameipiga chapa tangu Agosti," Khamala akasema. "Kila siku aliweka ya mtu mwingine mbele."

Basi Kavoi akaipata kazi. Safari ya Botswana ikafa. Nilipata nilichokitaka.

Lakini mjukuu wangu hakurudi kwangu. Alipanga chumba Kawangware, karibu na kliniki. Kila Jumapili alikuja, tukala kimya, mimi huku, yeye kule, kijiko kinagonga sahani. Jua likianza kushuka, simu yake inalia. Anaitazama. Haishiki. Inalia mpaka inachoka.

"Ni nani?"

"Namba ni ileile ya kwenye CV, Susu."

Alibadilisha laini. Ikalia kwenye laini mpya. Akakonda mpaka mshipi ukatobolewa matundu mapya. Wagonjwa walimpenda, walisema daktari huyu hamwachi mtu kitandani akiwa peke yake, hata chooni anasita kwenda. Kisha Jumapili moja ya mwezi wa sita akaweka kijiko chini.

"Nafikiri nitaenda tu," akasema.

"Wapi?"

"Nilimwahidi."

Hakusema kwa hofu. Alisema kama mtu anayeaga. Ile sauti ilikuwa ileile ya siku ya pojo.

Nilimfungia mlango, nikakaa na ufunguo kifuani mpaka akalala. Kesho yake, jua likiinama, nikajifunga leso, nikaenda relini.

Pale kwa Khamala palikuwa uwanja mtupu. Majivu yalikuwa yameshaoshwa na masika, majani mawili matatu yameota. Nikasimama pale kizingiti kilipokuwa. Watu walipita, wakamwona mwanamke mzee anaongea na hewa.

"Wangeci. Nilichelewa. Nilisema kesho, imekuwa miezi mitano. Aliipata kazi. Ile ya vitanda arobaini ndiyo ilimpa. Mwache, mwanangu. Anaona watu mia kwa siku. Hakukuacha kwa ubaya. Mimi sina anayenihitaji kwa siku. Kama ni wa kuja, nitakuja mimi."

Upepo ukagusa bati fulani mbali. Kisha nikaisikia ile harufu. Moshi. Dawa ya vidonda.

Na nyuma yangu, karibu kabisa na sikio.

Ta.

Ta-ta.

"Keti, shosho," akanong'ona. "Tuanze na jina. Majina yote matatu."

Nikayataja, yaandikwe mahali pa la Kavoi.

Tangu siku ile simu ya Kavoi imenyamaza. Amenenepa, anacheka, amerudi kunitania kwamba chai yangu ni maji ya mto. Hajui nilikokwenda, wala sitamwambia. Yangu ndiyo inayolia sasa. Jua likitua tu, mara moja, inakatika. Huwa naigeuza kifudifudi mezani, naendelea kuchagua pojo zangu.

Jana ililia mara mbili.