Tangazo Lililobanduliwa Ubaoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alimsaidia Babu kutunga uzi kwenye cherehani. Macho ya Babu yalikuwa yamechoka, na moyo wake umechoka zaidi. Daktari alikuwa amemkataza kazi, lakini nani wa kumzuia fundi mzee? "Acheni nimalize koti langu la harusi ya mjukuu wangu," alisema, huku akikohoa na kucheka kwa pamoja. "Nikimaliza, nitapumzika mpaka mnichoke."

Jina la Sindano alilitoa Babu mwenyewe: mtoto mwembamba, mdomo unachoma. Wazazi wake walifariki angali mchanga, akalelewa na Babu na dada yake mkubwa. Dada ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akalala naye kitanda kimoja. Sasa Dada alikuwa anaolewa na seremala wa mtaa wa pili, na Babu alikuwa na ombi moja tu duniani: atie saini kama shahidi wa ndoa hiyo. "Baada ya hapo Mungu akiniita, nitaitika," alisema.

Siku wachumba walipokwenda kwa msajili wa ndoa, Sindano aliwafuata akiwa amevaa sare zake za shule. Msajili, mama wa makamo mwenye miwani, alikagua vitambulisho na vyeti vyao vya kuzaliwa. Akamuuliza kila mmoja kama ametimiza umri, kama hana ndoa nyingine, na kama amekubali kwa hiari yake.

"Vizuri," alisema. "Tangazo lenu litakaa ubaoni hapo nje kwa wiki tatu. Mwenye neno juu ya ndoa hii aje aseme. Asipotokea mtu, njooni na mashahidi wawili, niwape kibali na niwafungishe ndoa. Lakini tangazo likiondoka kabla ya muda, tunaanza upya. Msije kunibembeleza, sheria haina shemeji!"

Wote walicheka, isipokuwa Sindano.

Tangu siku hiyo, kila akitoka shule alipita kwenye ule ubao akalitazama jina la Dada. Hakuna aliyemwambia yeye atakaa na nani. Alitaka kuuliza, lakini kila alipofungua kinywa, seremala yuko hapo na mizaha yake, "Shemeji, mbona umenuna?" Jioni moja akamsikia Dada akimwambia jirani, "Siku ya ndoa ndiyo siku nitakayohamia kwake."

Moyo wa Sindano ulipasuka. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana shuleni, alikimbilia kwenye ubao. Makarani wa msajili walikuwa wamekwenda kula. Aliangaza huku na huku, akalibandua tangazo, akalichanachana na kulitupa chooni shuleni. Hakutaka kuvunja harusi, jamani. Alitaka wiki tatu nyingine tu za kulala na Dada.

Siku ya ndoa Babu alifika ofisini amevaa koti lake jipya, Dada amemshika mkono. Msajili alitoka kwenda ubaoni, akarudi mikono mitupu, uso umemshuka.

"Tangazo halipo," alisema. "Na hakuna anayejua limetoka lini. Itabidi tuanze upya."

"Mwanangu," Babu alisema taratibu, "mimi ni mgonjwa. Hizo wiki tatu nitazitoa wapi?"

"Mzee wangu, nisamehe. Ningekuwa na uwezo ningekufanyia. Sina."

Babu hakubishana. Aliketi kwenye benchi, akaanza kufungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Dada alilia. Sindano aliangalia sakafu.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. "Kama umeghairi, niambie," Dada alimwambia mchumba wake, "kuliko kubandua tangazo kama mwizi!" Seremala aliapa mbingu na ardhi, akaondoka na huzuni yake. Sindano alisikia yote. Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akalimeza.

Tangazo la pili, lililobandikwa siku ileile pale ofisini, lilikuwa bado liko ubaoni Babu alipofariki. Alifia usingizini, na koti lake limetundikwa msumarini.

Waombolezaji walipotawanyika, Sindano alimfuata Dada jikoni. "Dada, ni mimi. Nililibandua mimi."

Dada hakumpiga, hakumtukana, na afadhali angempiga. Alisema neno moja tu: "Twende."

Walimpitia seremala, kisha wakaenda wote mpaka kwa msajili. Hapo Sindano alieleza kila kitu kwa kinywa chake, machozi na kamasi vikimtiririka. Dada akamgeukia mchumba wake. "Nisamehe. Nilikusingizia." Seremala aliitikia kwa kichwa, macho mekundu.

Msajili alivua miwani. "Mwanangu, unajua kwa nini tunabandika tangazo? Ni ili mwenye neno moyoni aje alitoe. Wewe ulikuwa na neno. Ulikuwa na haki ya kugonga mlango huu ukasema, 'Dada akiolewa, mimi nitakwenda wapi?'"

"Niliogopa," Sindano alisema.

"Ungeniuliza mimi," Dada alisema. "Ningekujibu palepale. Tulipanga kwenda wote, Sindano! Wewe, mimi na Babu. Shemeji yako alishaongeza chumba. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua. Ningekuachaje, mwanangu?"

Sindano alilia mpaka akaishiwa nguvu. Swali moja dogo, na Babu angetia saini yake.

Muda ulipotimia, ndoa ilifungwa bila shangwe. Jirani alitia saini mahali pa Babu. Kabla ya hapo msajili aliuliza, kama sheria inavyotaka, "Kuna mwenye neno?" Dada aligeuka, akamnyooshea mdogo wake mkono.

"Kosa lako nimelisamehe," alimwambia kwa sauti ya chini, "lakini Babu harudi. Siku nyingine jambo likikuumiza, liseme, hata kama unatetemeka. Ukilificha, litamuumiza na asiyehusika."

"Nitasema, Dada," Sindano alijibu. Kisha akamgeukia msajili, akafuta machozi. "Nina neno. Namtaka Babu."

Msajili aliinamisha kichwa, akangoja mpaka Dada alipoacha kulia, ndipo akawapa kalamu.