Jumamosi za Mifupa

Soko la vyuma chakavu lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Watu walipishana kwa mabega kati ya marundo ya matangi, magurudumu na milango ya magari, na kila muuzaji alipiga kelele kumzidi jirani yake. Cheche alikuwa ameinama juu ya injini ya pikipiki, akichungulia tundu la plagi, mtu alipomkanyaga mguu.

"Samahani, dada. Sikuoni kwa huu mzigo."

Cheche aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Mikononi alikumbatia fremu yenye kutu ya pikipiki ya zamani ya mashindano ya matopeni, tangi la manjano likining'inia juu yake, na aliibeba kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua.

Cheche akacheka. Mwenyewe alivaa ovaroli ya buluu iliyojaa vitundu vya moto wa kuchomelea, moto uleule uliompa jina, kitambaa chekundu kichwani na hereni ndogo za dhahabu ambazo hakuzivua hata akiwa kazini.

"Unampelekea nani hiyo?"

"Ni yangu. Naitengeneza."

"Na injini?"

Mwanamume alitazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye injini iliyokuwa mbele ya Cheche. "Hiyo."

"Hii ni ya pikipiki ya mizigo, kaka. Haitaingia humo. Kichwa chake kitagonga bomba la juu, na mnyororo utakwenda upande."

"Hata kwa fundi mzuri?"

"Fundi mzuri ataiingiza. Ila wewe utaiendesha wapi na viatu hivyo?"

"Zamani nilikuwa nashindana," alisema. "Kabla sijaanza kazi ya hospitali. Napiga picha za mifupa."

Alilisema hilo la mashindano akitazama pembeni. Cheche aliliona, na hakulisahau. Hata hivyo walitoka sokoni pamoja, yeye ameshika fremu upande mmoja, mwanamume upande mwingine, na injini imetangulia kwenye mkokoteni.

Gereji ya Cheche ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Mbele, nyuma ya kaunta ya boliti na nati, alikaa mama yake mkubwa, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Bibi huyo ndiye aliyembatiza mgeni jina la Mifupa, na hakumpenda.

"Anacheka na kila mtu," alisema. "Mtu mwenye kazi ya kutazama wenzake mpaka ndani ana shida gani ya kucheka hivyo?"

"Mama mkubwa, ni mteja tu."

"Mteja gani anakuja na manukato?"

Mifupa alikuja kila jioni akitoka kazini. Cheche alikata mabomba ya chini ya fremu, akaunda kitako kipya kilichoishusha injini mpaka kichwa kikapata nafasi chini ya tangi. Mifupa alishika tochi. Gurudumu la meno la mbele lilipokataa kulingana na la nyuma, walilala chali sakafuni bega kwa bega, wakichungulia mnyororo kwa jicho moja moja, mpaka hakuna aliyekumbuka mnyororo.

Baada ya hapo simu ndizo zilizoongea.

"Umekula, Cheche wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimeshiba mionzi."

"Basi kaa mbali, usije ukaniwakia."

"Si wewe ndiye moto?"

Cheche alicheka peke yake kama kichaa, na mama mkubwa akakohoa nyuma ya kaunta.

Lakini Cheche alikuwa ameshaungua mara moja. Mchumba wake wa kwanza alikuwa akileta pikipiki gerejini akidai ni za rafiki zake. Polisi walipokuja walibeba mpaka mashine ya kuchomelea, na yeye akalala rumande kwa kosa la kupenda. Tangu hapo, mtu akimwambia neno alilisikiliza mara mbili: linavyosema, na linavyoficha.

Ndiyo maana alianza kuzitilia shaka Jumamosi za Mifupa. Jumamosi mchana hakuja wala hakupokea simu. Nina zamu, alisema. Jumapili alifika akichechemea.

"Mguu una nini?"

"Nimeteleza kwenye ngazi za hospitali."

Juma lililofuata ilikuwa kiwiko kimechubuka. Ngazi tena. Halafu simu yake ikaanza kulala kifudifudi juu ya benchi, na siku moja ilipoita alitoka nayo nje, akaongea kwa sauti ya chini. Cheche alikuwa amezima grenda ya kukatia vyuma. Alisikia maneno machache tu: "Hapana, yeye hajui. Jumamosi, palepale."

Siku fundi mwenzake alipokatwa kidole na bati, Cheche alimpeleka hospitali. Ilikuwa Jumamosi. Aliuliza kwenye chumba cha picha, na muuguzi akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyo? Jumamosi huwa hayupo kabisa."

"Nilikwambia," mama mkubwa alisema aliposimuliwa. Halafu, kwa jinsi uso wa Cheche ulivyokuwa, akamsogezea kiti.

Jumamosi iliyofuata Cheche alimngoja Mifupa kwenye kona ya nyumbani kwake, akamfuata kwa mbali mpaka nyuma ya kiwanda kilichofungwa, palipokuwa na uwanja mpana wa vumbi. Alichungulia kwenye upenyo wa ukuta. Mifupa alikuwa juu ya pikipiki ndogo, na nyuma yake ameketi mwanamke wa suruali ya kubana na miwani ya jua, mikono yake imepita kiunoni mwa Mifupa mpaka kwenye usukani. Mwanamke alisema kitu sikioni mwake. Mifupa akacheka.

Cheche hakungoja zaidi. Alirudi gerejini, akachukua spana, akafungua boliti za injini moja baada ya nyingine. Akaing'oa kwenye kitako alichokiunda kwa mikono yake, akaiburuta mpaka mlangoni.

Mifupa alipofika Jumapili aliikuta pale, na fremu imeegemezwa ukutani, tupu.

"Chukua vitu vyako," Cheche alisema. "Na ngazi zako uchukue."

"Cheche, nini tena?"

"Nimewaona kiwandani. Sihitaji jina lake."

Mifupa alikaa juu ya injini. "Yule ni mwalimu. Ananifundisha kuendesha. Sijui pikipiki, Cheche. Sijawahi kushindana maisha yangu yote. Siku ile sokoni nilikwenda kutafuta kitasa cha mlango. Muuzaji alinishikisha fremu akatafute kamba ya kufungia mzigo wa mtu mwingine. Ukacheka. Nikaona nikisema si yangu, utarudi kwenye shughuli zako na mimi nitarudi na kitasa. Nikainunua."

"Umenitazama nikikata vyuma muda wote huo, ukinidanganya."

"Kila siku nilitaka kusema. Kila siku kazi ilikuwa imesonga mbele."

"Toka," alisema Cheche.

Akatoka. Simu iliita jioni hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Cheche aliitazama ikiwaka na kuzimika.

Hakumwamini. Ila hakuweza pia kutomwamini, na hilo lilimkosesha usingizi kuliko wivu. Jumamosi alivaa gauni lake zuri la kijani, akapaka wanja, akaenda uwanjani mwenyewe. Mwanamke wa miwani alikuwa akimzungusha msichana mmoja juu ya pikipiki ileile, mikono kwenye usukani vilevile. Karibu, uso wake ulikuwa wa mtu mzima, na pete ya ndoa imezama kidoleni.

"Namuulizia mwanafunzi wako mmoja," Cheche alisema. "Mrefu. Wa hospitali."

"Kama ni wako, mchukue. Hana mizani hata kidogo. Kila akianguka namwambia acha, mwanangu, panda basi kama wenzako. Ananijibu, kuna mtu nimeshamwambia kwamba naweza." Mwalimu alivua miwani, akamtazama gauni, kisha hereni. "Leo hajaja."

Cheche alimpigia simu akiwa bado uwanjani. Iliita mara moja tu.

"Njoo gerejini," alisema. "Uje na nguo za kuchafuka. Injini utaifunga mwenyewe."

Aliifunga alasiri nzima. Cheche hakugusa boliti hata moja, alielekeza kwa kidole na kuuliza maswali.

"Kuna uongo mwingine?"

Mifupa alifikiri, jasho likimtiririka. "Nilimwambia mama mkubwa kwamba nampenda kama mama yangu."

Kutoka kwenye kaunta mama mkubwa alijibu, "Hata mimi sikuamini," na kwa mara ya kwanza alicheka mbele yake.

Walisukuma pikipiki mpaka nje, kwenye mwanga wa jioni. Tangi la manjano lilikuwa limeng'arishwa, injini imekaa chini yake kama iliyozaliwa humo. Mifupa alishika usukani.

"Kabla sijawasha," alisema, "niseme moja la kweli. Nataka unioe. Yaani nikuoe. Nimechanganyikiwa, ila umenielewa."

"Washa kwanza."

Alipiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena. Cheche alikuwa ameshaona: koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Alikunja mikono, akamwacha aendelee. Alimtazama mtu huyu aliyeweza kukaa na uongo mmoja muda wote ule, na aliyekubali kuanguka kila Jumamosi ili uongo wenyewe uwe kweli. Alijua kwamba atamuuliza maswali maisha yake yote. Alijiuliza kama angependa kumuuliza mtu mwingine.

Mifupa alipumzika, shati limelowa. "Labda nimekosea kuifunga."

"Hujakosea."

Cheche akainama, akageuza koki.

"Piga sasa."

Injini ikanguruma, gereji nzima ikatetemeka, na mama mkubwa akaziba masikio. Cheche alisema neno moja. Mifupa aliona midomo yake ikicheza, asisikie kitu. Akazima pikipiki haraka.

"Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo," Cheche alisema. "Na usiniulize mara ya tatu."