Chafya ya Fundi Viatu

Kila siku alipotoka shuleni, Pilipili hakupitiliza nyumbani. Alipita kwanza kwenye studio ya mjomba wake, mpiga picha za harusi, akafagia sakafu, akafuta vumbi kwenye viti viwili vya wateja, kisha akanyoosha lile pazia la buluu ambalo watu husimama mbele yake na kujifanya wamezoea kutabasamu. Jina la Pilipili alipewa na mjomba huyohuyo. Msichana alikuwa mwepesi wa hasira, jamani! Ukimkanyaga kidole leo, kesho kutwa bado amenuna.

Wiki ile hasira zilimpanda tangu Jumatatu, na kisa chenyewe kilikuwa filamu.

Chama chao cha filamu kilikuwa kinapanga filamu fupi ya kuchekesha, ya dakika nane, ionyeshwe siku ya kufunga shule. Ilikuwa na hadithi mbili zinazokwenda pamoja. Katika ya kwanza, bwana harusi anahangaika kuwahi harusi yake. Katika ya pili, kipa anahangaika kuwahi mechi. Wote wawili wamepeleka viatu kwa fundi mmoja, na viatu vimewekwa kwenye mifuko miwili inayofanana. Mwishoni bwana harusi anaingia ukumbini na njumu za mpira, ko! ko! ko!, huku kipa akiteleza golini na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa.

Pilipili aliandika hadithi ya bwana harusi. Ya kipa iliandikwa na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Kobe kwa sababu ya kusema polepole. Kila tukio liliandikwa kwenye kadi yake: nyeupe za bwana harusi, njano za kipa. Kadi zote zilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokatiza darasa, kama mjomba alivyowafundisha, ili mtu akisimama mbali azione hadithi zote mbili kwa mpangilio.

Basi Jumatatu, Kobe akiwa bado hajaandika kadi zake za katikati, walizisoma zilizokuwapo. Kwa bwana harusi, wenzake walitabasamu. Kwa kipa, walishika mbavu. Mmoja alicheka mpaka akaanguka kwenye dawati.

"Haki gani hii?" Pilipili alinung'unika njia nzima. "Kamera ni ya mjomba wangu. Kamba nimeleta mimi. Hata vibanio ni vya mama yangu! Halafu anayesifiwa ni Kobe!"

Alhamisi jioni ilikuwa zamu yake ya kufagia darasa. Alipobaki peke yake alizihesabu kadi. Nyeupe tisa. Njano kumi na mbili.

"Kumi na mbili! Kwani hii ni filamu ya mpira?"

Akachomoa kadi tatu za njano katikati ya kamba, hata hakuzisoma, akazitia kwenye mfuko wa sketi yake. Kisha akasogeza zilizobaki ili pengo lisionekane. Tisa kwa tisa. Akafagia kwa nguvu mpaka vumbi likamwingia puani.

Ijumaa mjomba alifika na begi lake la kamera begani. Jumamosi zote alikuwa na harusi isipokuwa ya kesho yake tu, na alikuwa ameahidi kuwapa siku hiyo kama mpango wao ungeeleweka. Usipoeleweka, hakuna filamu. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, alianza kusoma kadi moja baada ya nyingine.

Alipofika katikati, Kobe aliinua mkono. "Mwalimu, hapo... hapo kuna ka..."

"Usimkatize mwalimu!" Pilipili alimkemea. Kobe akashusha mkono.

Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Bwana harusi akaingia na njumu. Kipa akateleza. Hakuna aliyecheka. Mjomba alikunja uso.

"Subirini kwanza. Hizo njumu kazitoa wapi? Bwana harusi alipeleka viatu vya ngozi kwa fundi, sasa katikati imetokea nini?"

Mwalimu alizipitia tena kadi za katikati, hakuona jibu.

"Wanangu, mimi siwezi kupiga picha za kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi." Akaanza kufunga begi lake.

Hapo Pilipili akawaka. Alisimama mbele ya darasa zima akamnyooshea Kobe kidole. "Ni uzembe wake! Tulimwachia hadithi nzima, akaiandika nusunusu! Ametuharibia! Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako!"

"Kobe, umetuponza!" wengine wakadakia. "Wiki nzima tumefanya kazi ya bure!"

Kobe alisimama kujitetea. "Niliandika. Fundi anapiga chafya... mifuko inaanguka... anaiokota, anampa kila mtu mfuko wa mwenzake. Niliandika kwenye kadi."

Pilipili aliingiza mkono mfukoni, akazigusa zile kadi. Kumbe ndiyo hiyo! Angeweza kunyamaza. Kobe angebeba lawama, mjomba angeondoka, na hakuna mtu angejua. Lakini Kobe alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati, na hasira zote za wiki nzima zikageuka zikamrudia yeye mwenyewe.

"Ninazo mimi," alisema. Akazitoa. "Nilizichomoa jana. Nilimwonea wivu. Hata sikuzisoma."

Darasa likalipuka. Na Kobe, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alisema bila kusitasita:

"Ulinitukana mbele ya watu na kadi unazo mfukoni! Ningekuwa nimekufanyia hivyo wewe, ungeninyamazia?"

"Nisingekunyamazia. Nisamehe, Kobe."

"Bado nimekasirika."

"Una haki," alisema mwalimu. Akazibana kadi tatu mahali pake, akamwambia Kobe amalizie kusoma. Kobe alisoma kwa sauti ya kukwaruza, na alipofika kwenye chafya alipiga chafya yenyewe, "Hapchaaa!", akaanguka kana kwamba ameshika mifuko miwili. Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Njumu zilipoingia ukumbini, ko! ko! ko!, darasa zima lilikuwa hoi.

"Kesho saa mbili asubuhi," mjomba alisema akipangusa macho. "Na huyu Pilipili je?"

Wote walimtazama Kobe. Alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake.

"Awe fundi viatu," alisema. "Apige chafya. Na apakwe rangi ya viatu uso mzima."

"Nimekubali," Pilipili alisema.

Wenzao walipotoka, mjomba alimwita kando. Hakuwa anacheka tena. "Mwanangu, wivu humpata kila mtu, hata mimi. Lakini kumtwika mwenzako kosa lako, hilo limenikasirisha kweli. Ulimwibia Kobe kadi tatu, ukadhani hadithi yako itang'aa. Sasa niambie, ile ya bwana harusi ilibaki na nini?"

Pilipili alitazama kadi zake tisa nyeupe, zikiwa zimebanwa vizuri kwenye vibanio vya mama yake.

"Na njumu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi," alijibu.

"Basi ukumbuke hivyo. Ukiharibu kazi ya mwenzako, umeharibu na yako. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalia kwa sababu yako. Haya, nenda kamtafute Kobe akufundishe kupiga chafya."