Nusu Kidonge cha Gogo Thembekile

Kila asubuhi, kabla Héritière hajamaliza kufunga kamba za viatu vya shule, Bibi Marcelline alifunika bakuli la uji kwa kisahani cha bluu na kulipeleka mlango wa pili, kwa jirani yao mzee, Gogo Thembekile. Wote walikaa ghorofa ya nne, mtaa wa Berea. Gogo alizaliwa hapo hapo Johannesburg. Bibi alitoka Bukavu, Kongo.

Bibi alirudi na bakuli tupu, ngumi moja ameifumba. Aligeukia ukuta, akanywa maji.

"Bibi, umemeza nini?"

"Maji. Wahi shule!"

Héritière hakuamini. Nani hunywa maji huku akijificha? Tena siku hizi Bibi alilalamika kuumwa kichwa. Huyu Gogo alikuwa anamlisha nini?

Jumamosi alimfuata kwa kunyata, akachungulia. Gogo alikuwa anakata kidonge kwa kisu cha kumenyea viazi.

"Nusu yako, dada. Nusu yangu."

Bibi akageuka. Macho yakakutana.

"Ni dawa ya presha," Bibi alinong'ona. "Gogo hupewa kliniki. Mimi pale dirisha la mapokezi waliniambia nikatibiwe kwetu Kongo. Ukisema, watamnyima na yeye. Funga mdomo!"

Siku chache baadaye, Gogo alipata kizunguzungu, akaanguka kwenye ngazi. Bibi na Héritière wakamkokota hadi kliniki. Bibi akabaki getini, akimtazama mlinzi kwa pembe ya jicho.

Héritière akaingia na Gogo. Ndani, muuguzi, Sista Duduzile, alifunga kitambaa cha kupimia presha mkononi mwa Gogo. Akakunja uso.

"Gogo, unameza dawa zote?"

"Zote, mwanangu."

Sista alimkazia macho. "Basi hazikutoshi. Nitakuandikia kali zaidi."

Héritière aliwaza. Akisema, Gogo atanyimwa dawa. Akinyamaza, Gogo atapewa kali zisizomfaa, na kesho Bibi atakatiwa nusu.

"Sista," alisema, "anameza nusu. Nusu nyingine anameza bibi yangu."

"Eish, mtoto huyu!" Gogo akaguna.

Sista akaweka kalamu chini. "Bibi yako yuko wapi?"

"Getini. Anaogopa kufukuzwa."

"Hakuna mwenye haki ya kumfukuza mgonjwa. Kamlete. Nitampima mwenyewe."

Bibi aliingia amekumbatia kitenge chake, jicho likiwa mlangoni. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya Gogo. Alipokabidhiwa pakiti ya vidonge, aliigeuza mbele na nyuma.

"Za nani hizi?"

"Zako, Mama. Na Gogo ana zake zile zile, ila amalize kidonge kizima. Uji gawaneni, ni jambo jema. Lakini nusu ya dawa haimponyi mtu yeyote, na mgonjwa akinificha, mimi ninatibu uongo. Mjukuu wako amewaokoa nyote wawili."

Kesho yake Bibi alirudi na bakuli tupu, akaliweka chini, viganja vyote viwili wazi. Akakaa mezani, akameza kidonge chake kizima akimtazama Héritière.

"Umeona? Nilikukosea nilipokwambia ufunge mdomo. Haya, acha kunichunguza, funga viatu."